Mafua ya nguruwe 2009: Wananchi waliuliza, wakubwa wakababaika

Usiku wa Alhamisi, Aprili 23, 2009, Waziri wa Afya wa Meksiko, José Ángel Córdova, aliwatangazia wananchi kwamba kesho yake shule hazitafunguliwa. Agizo lilihusu jiji la Mexico City na jimbo jirani, eneo lenye watu wapatao milioni 20. Kulikuwa na kirusi kipya cha mafua, na kilikuwa kinaua vijana wenye nguvu zao, ambao madaktari hawakuzoea kuwaona wakifa kwa mafua.

Siku zilizofuata jiji lile lilibadilika sura. Wanajeshi walisimama kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi wakigawa barakoa. Makanisa yalisitisha misa. Mechi za ligi zilichezwa mbele ya viti vitupu. Migahawa iliruhusiwa kuuza chakula cha kwenda nacho tu, na kuanzia Mei 1 hadi Mei 5 shughuli zote zisizo za lazima zikasimama. Watu walitii. Walikaa majumbani, wakavaa barakoa, wakaacha ile desturi yao ya kusalimiana kwa busu la shavuni. Ukitafuta picha ya umma uliopagawa kwa hofu, Mexico City ya wiki ile haikupi.

Badala yake walikuwa na swali moja, nalo lilirudiwa kila mahali: mbona huku kwetu watu wanakufa, na ng'ambo ya mpaka, Marekani, wanaugua siku mbili tatu na kupona? Lilikuwa swali la haki kabisa. Mwishoni mwa Aprili serikali ilikuwa ikitaja vifo zaidi ya 150 vilivyoshukiwa, kisha idadi ya vilivyothibitishwa na maabara ikashushwa kutoka 20 hadi 7. Anayesikia hesabu kama hizo akiwa amejifungia ndani na watoto wake ana haki ya kuuliza ni nini kinafichwa.

Jibu lilikuwepo, na halikuhitaji shahada kulielewa. Hospitali zilikuwa zikihesabu wale waliozidiwa wakakimbizwa kwao. Maelfu waliopiga chafya nyumbani wakanywa chai ya moto na kurudi kazini hawakuandikwa popote. Ukiwahesabu wanaofika mochwari bila kuwahesabu wanaopona sebuleni, kila ugonjwa utaonekana ni wa kuangamiza. Lakini maelezo hayo yalichelewa kuwafikia watu, na katika pengo hilo uvumi ukapata nafasi ya kukaa.

Naandika haya kwa sababu mwaka ule wa 2009 unasimuliwa vibaya. Husemwa kwamba dunia ilishikwa na wazimu, kwamba watu wa kawaida walipoteza akili kwa ugonjwa ambao mwishowe haukuwa mkali kama ilivyodhaniwa. Nikiyapitia matukio yenyewe naona kingine. Hofu iliyoleta hasara kubwa ilitoka kwa wenye madaraka. Wananchi, mara nyingi, walikuwa wakiuliza maswali sahihi na kukosa wa kuwajibu.

Hakuna mahali panapoonyesha hilo wazi kama Cairo.

Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa mafua hayo Aprili 29, 2009, siku serikali yake ilipoamuru nguruwe wote nchini wachinjwe. Walikadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limeshaeleza kwamba kirusi kinaenea kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, kwa kukohoa, kupiga chafya na mikono, na kwamba kula nyama iliyopikwa vizuri hakuambukizi. Jina ndilo lililoponza. Chembe za urithi za kirusi hicho zilitokana na mafua ya nguruwe wa Amerika ya Kaskazini na wa Ulaya na Asia, pamoja na sehemu zilizowahi kutoka kwa ndege na kwa binadamu, hivyo dunia ikakiita mafua ya nguruwe. WHO ilipobadili Aprili 30 na kuanza kukiita A(H1N1), jina la kwanza lilikuwa limeshazunguka kila nyumba.

Nguruwe wa Cairo wengi walikuwa mali ya wazoa taka, wale wanaoitwa zabbaleen. Wengi wao ni Wakristo wa Kikopti ambao wazee wao walihama kutoka Misri ya Juu katika karne iliyopita na kuanza kupita mlango kwa mlango wakibeba taka za jiji. Wengi wanaishi Manshiyat Naser, chini ya kilima cha Muqattam. Kazi yao ina mpango uliokamilika: plastiki, karatasi, vioo na makopo hutengwa na kuuzwa kwa viwanda, maganda, makombo na mikate iliyochacha huliwa na nguruwe, nguruwe wakinona huuzwa. Inakadiriwa kwamba wanafanikiwa kutumia tena hadi asilimia 80 ya wanachokusanya, kiwango ambacho manispaa nyingi tajiri hazijakifikia. Nguruwe alikuwa mtambo wa kumaliza taka za jikoni, na alikuwa akiba ya familia ya kulipia ada na matibabu.

Mwanzoni mwa Mei vijana wa Manshiyat Naser walipambana na polisi waliokuja kuwasindikiza wachinjaji. Magazeti ya nje yaliandika habari ya vurugu za wafuga nguruwe, ilhali madai ya watu wale yalikuwa rahisi kueleweka. Waliuliza: mgonjwa yuko wapi? Na je, wanauawa nguruwe kwa sababu ya ugonjwa, au kwa sababu ni nguruwe wetu? Serikali yenyewe, baada ya wataalamu wa kimataifa kupinga, iligeuza maelezo na kusema ni hatua ya kuboresha afya ya jamii kwa jumla. Fidia iliyotolewa ilikuwa ndogo. Picha za video zilionyesha wanyama wakifukiwa kwa chokaa na kemikali, wengine wakiwa hai.

Lazima niwe mwadilifu kwa Wamisri. Nchi yao ilikuwa ikipambana na mafua ya ndege, H5N1, tangu 2006, na zaidi ya watu 20 walikuwa wamekufa. Mama aliyewahi kuambiwa awachinje kuku wa darini kwake hakuwa na sababu ya kuchukulia neno mafua kwa wepesi. Hofu ya umma ilikuwa na historia. Lakini kiongozi amepewa nafasi yake ili aitazame hofu hiyo, aipime, na aielekeze panapostahili. Kule aliielekeza kwa maskini waliokuwa wachache, wa dini nyingine, wasio na mtetezi bungeni.

Mgonjwa wa kwanza Misri alithibitishwa Juni 2. Alikuwa mtoto aliyeshuka na ndege kutoka Marekani. Kufikia miezi ya mwisho ya mwaka, vichuguu vya taka za jikoni vilikuwa vimeota katika mitaa ya Cairo na Giza, maana wazoa taka hawakuwa tena na sababu ya kubeba maganda yasiyo na wa kuyala. Jiji likabaki na nzi, panya na uvundo, na mafua yakaja vilevile.

Kwingineko wakubwa walibabaika kwa namna zao. Kabul, nguruwe pekee katika bustani ya wanyama, zawadi kutoka China, alitengwa na wageni. Urusi na China zilizuia nyama ya nguruwe kutoka Meksiko na baadhi ya majimbo ya Marekani. Mamlaka za China ziliwaweka karantini Wameksiko kadhaa, wakiwemo wasio na dalili yoyote, mpaka serikali yao ikatuma ndege kuwachukua. Hong Kong ilifunga hoteli nzima kwa siku saba, na wageni na wafanyakazi wapatao 300 ndani yake, kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Hong Kong angalau ilikuwa na jeraha la SARS, ugonjwa wa mapafu wa 2003. Kuna mataifa yaliyositisha safari za ndege za Meksiko bila hata sababu hiyo, wakati WHO haikupendekeza kufunga mipaka.

Juni 11 Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dkt. Margaret Chan, alitangaza janga la mafua la dunia, la kwanza baada ya takriban miaka 40. Kabla mwezi haujaisha ugonjwa ulikuwa umefika kwetu Afrika Mashariki, nao haukuja na mnyama. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza mwishoni mwa Juni: mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekwenda Kisumu na wenzake. Tanzania ikafuata Julai.

Hapa kwetu wasiwasi ulikuwa na sura yake. Msafiri alikutana na fomu za afya na maswali viwanja vya ndege, na mitaani watu walijadili kama wauzaji wa kitimoto, nyama ya nguruwe, watapata wateja. Kwa Waislamu wa pwani na visiwani wasiwasi mkubwa zaidi ulikuwa hija ya Novemba. Julai mawaziri wa afya wa nchi za Kiarabu, wakikutana Cairo, walikubaliana kuwazuia wenye zaidi ya miaka 65, watoto chini ya 12, wajawazito na wenye maradhi sugu. Yeyote anayejua jinsi hija inavyokwenda kwetu anajua uzito wa uamuzi huo. Mzee wa Pemba au Lamu hudunduliza miaka na miaka, na mara nyingi anapotimiza nauli ndipo umri nao umetimia. Kumwambia asubiri mwakani ni kumwambia jambo ambalo hana uhakika nalo. Hata hivyo agizo hilo, tofauti na la nguruwe wa Cairo, lilisimama juu ya sababu za kitabibu na lilielezeka. Watu walinung'unika, na wengi walielewa. Hija ilifanyika bila mlipuko mkubwa uliohofiwa.

Kuna tukio la Kanada ambalo huwa linanikaa moyoni kuliko yote.

Kaskazini mwa jimbo la Manitoba kuna vijiji vya wenyeji asilia ambako nyumba nyingi hazikuwa na maji ya bomba na familia kubwa zilibanana vyumba vichache. Mafua yaliwapiga vibaya Mei na Juni 2009. Wagonjwa, wengi wao vijana, walisafirishwa kwa ndege hadi Winnipeg kuwekwa kwenye mashine za kupumulia. Machifu waliomba vitakasa mikono. Vilicheleweshwa, kwa sababu maofisa walikuwa wakijadiliana kama inafaa kupeleka bidhaa yenye kileo katika vijiji vile. Septemba, wakati wimbi la pili likisubiriwa, shehena ya vifaa vya afya iliwasili katika baadhi ya vijiji, Wasagamack kikiwemo. Ndani yake kulikuwa na mifuko ya kubebea maiti.

Viongozi wa Wasagamack waliibeba mifuko ile hadi Winnipeg na kuirudisha kwenye ofisi ya serikali. Wizara ya afya ilieleza kwamba ni utaratibu wa kawaida wa kujaza ghala kabla ya majira ya baridi, ikasikitika. Waziri mwenyewe, Leona Aglukkaq, akaagiza uchunguzi. Huenda kweli karani fulani alijaza tu orodha. Lakini watu walioomba vitakasa mikono wakaletewa mifuko ya maiti wamejibiwa swali lao kuhusu thamani yao. Baada ya hapo ukiwapelekea chanjo, na wao wakiitazama mara mbili, utawaita wajinga?

Ukraine mambo yalikuwa mengine. Oktoba 30 Waziri Mkuu Yulia Tymoshenko alifunga shule kwa wiki tatu na kupiga marufuku mikusanyiko, miezi michache kabla ya uchaguzi wa rais wa Januari 2010 ambao yeye mwenyewe alikuwa mgombea. Wanasiasa walishindana kuonyesha nani anaogopa zaidi kwa niaba ya taifa. Barakoa ziliisha madukani, vitunguu saumu na malimau yakapanda bei. Ukazuka uvumi kwamba ugonjwa wenyewe si mafua bali ni tauni ya mapafu, na kwamba ndege zitapita angani usiku kunyunyizia dawa miji. Watu walifunga madirisha. Uvumi wa namna hiyo hauoti katika nchi ambayo waziri, daktari na mpinzani wake wa kisiasa wanasema kitu kimoja.

Kisha ikaja chanjo, na pamoja nayo pande mbili za wasiwasi ambazo hadi leo hazijaisha. Nchi tajiri zilikuwa zimefunga mikataba na viwanda mapema. Ufaransa, yenye watu wasiozidi milioni 65, iliagiza dozi milioni 94, ikawapanga wananchi kwenda kuchanjwa kwenye kumbi maalumu na kuwaweka pembeni madaktari wa mitaani wanaoaminiwa na familia. Waliojitokeza hawakufika mmoja katika kila kumi, na dozi milioni 50 zikafutwa. Uingereza mwezi Julai ilikuwa imetajiwa na mganga mkuu wake kwamba hali ikiwa mbaya kupindukia wanaweza kufa watu 65,000. Waliokufa wakawa 457. Makadirio hayo yalikuwa ya tahadhari, na serikali ililazimika kujiandaa. Ila neno "hali ikiwa mbaya kupindukia" halisikiki likifika kwenye kichwa cha habari, na namba ikibaki peke yake huwa ahadi. Isipotimia, aliyeitaja anaonekana mwongo.

Wenye shaka walizomewa, na baadhi ya shaka zao zilikuwa ovyo. Lakini Agosti 2010 Finland ilisitisha Pandemrix, mojawapo ya chanjo za mafua hayo, baada ya watoto na vijana kuanza kupata nakolepsi, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi ghafla mchana. Uswidi nayo ilikuwa imewaona wagonjwa hao. Uchunguzi ulithibitisha uhusiano. Waliopata madhara walikuwa wachache mno kulinganisha na mamilioni waliochanjwa, na nchi hizo zilifanya jambo la heshima: zilichunguza hadharani, zikatangaza, zikalipa fidia. Naamini hilo limelinda imani ya watu katika chanjo kuliko matangazo yoyote ya redio.

Upande wa pili wa wasiwasi ulikuwa wetu. Wakati Paris ikitafuta pa kupeleka dozi zilizobaki, Afrika ilikuwa ikisubiri msaada. WHO ilifanikiwa kugawa dozi milioni 78 kwa nchi 77, na nyingi zilifika mwaka 2010, kilele cha ugonjwa kikiwa kimeshapita mahali pengi. Agosti 10, 2010, Dkt. Chan alitangaza kwamba janga limekwisha. Wakati huo, Ulaya, wabunge wa Baraza la Ulaya walikuwa wameshapitisha ripoti ya kulilaumu shirika lake kwa kukosa uwazi kuhusu washauri wake na maslahi yao kwenye kampuni za dawa. Kilio kule kilikuwa kwamba dunia imetishwa bure.

Bure? Vifo vilivyothibitishwa na maabara vilikuwa takriban 18,500. Mwaka 2012 watafiti walikadiria upya, wakijaribu kuwahesabu waliokufa bila kupimwa, wakapata kati ya 151,700 na 575,400. Zaidi ya nusu walikuwa Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Asilimia 80 walikuwa chini ya miaka 65. Huku wakubwa wakijadiliana huko Baraza la Ulaya kama kulikuwa na janga au hakukuwa nalo, kulikuwa na watu wa kwetu waliozikwa kwa jina la nimonia, au malaria, au homa tu, kwa sababu wilaya yao haikuwa na maabara wala mtungi wa oksijeni. Kwamba janga lilikuwa dogo ni neno la mtu aliyekuwa mahali penye vipimo.

Na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Mwaka mzima macho yalielekezwa kwa nguruwe, kwa Wameksiko, kwa abiria wenye joto la mwili. Wakati huohuo ushahidi ulikuwa ukionyesha wazi waliokuwa hatarini: wajawazito, watoto wadogo, wenye pumu, kisukari na unene uliopita kiasi, na jamii zinazoishi kwa msongamano. Marekani, wajawazito walikuwa kama asilimia 1 ya watu na asilimia 5 hivi ya waliokufa. Habari hiyo ilipaswa kuwa kwenye kila ukuta wa kliniki ya mama na mtoto kuanzia Mtwara hadi Turkana. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuisikia?

Wasomaji wengi wanaikumbuka 2020, mwaka wa korona, kuliko 2009. Wanakumbuka ndimu na tangawizi zilivyopanda bei, watu walivyojifukiza, barakoa za kitenge, misiba yenye watu wachache, na zile wiki ambazo kila aliyepoteza ndugu aliuliza "alikuwa na nini?" akakosa wa kumjibu waziwazi. Sitaki kuyarudia yote hapa. Nasema tu kwamba aliyejifukiza hakuwa mjinga. Alikuwa ameshika kilichokuwa karibu naye, wakati wenye kujua wamekaa kimya au wanapingana.

Mafua hayajatuacha. Machi 2024 Marekani ilitangaza kwamba H5N1, ile ya kuku wa Misri, imepatikana kwa ng'ombe wa maziwa, na Januari 2025 mgonjwa mmoja alikufa katika jimbo la Louisiana. Bado hakijawa kirusi cha kuenea kwa urahisi kati ya watu. Mei 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba wa majanga unaotaka sehemu ya chanjo na dawa itengwe kwa ajili ya nchi zisizo na uwezo tangu siku za mwanzo, ila utaratibu wenyewe uliachwa ujadiliwe katika kiambatisho. Wawakilishi wetu wanaokwenda Geneva wakumbuke dozi zilizofika baada ya kilele.

Nawaomba waganga wakuu wa mikoa na wilaya jambo ambalo halihitaji bajeti ya wafadhili. Siku kirusi kipya kitakapotangazwa, msisubiri kauli kutoka juu ndipo mzungumze na watu. Nendeni redio za jamii, misikitini, makanisani, sokoni. Semeni mnachokijua, na mseme hadharani kwamba mengine bado hamyajui na lini mtarudi kuyaeleza. Kisha mrudi siku hiyo.

Nawe msomaji, usingoje janga litangazwe. Mjamzito mwenye homa na kikohozi akianza kuhema kwa shida, mtoto mchanga akikataa kunyonya na mbavu zikibonyea anapopumua, mwenye pumu au kisukari akizidiwa na mafua, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Chai ya tangawizi mtampa mkisharudi.